Kutoka Kilindini hadi Sisibo

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, mahali ambapo mtoto huijua honi ya meli kabla hajaijua alifu. Lakini sehemu kubwa ya umri wangu nimeiishi Eldoret, nilikopanda kwa gari la moshi mwaka 1978 kuja kushika kazi ya ukarani wa shehena, na ambako hata leo, ingawa kalamu nimekwisha kuiweka chini, nina ekari sita za mahindi upande wa Moiben. Shamba hilo hunikumbusha kila mwaka kwamba bahari niliyodhani nimeiacha mbali ingali ina mkono katika sufuria yangu. Mahindi ya Uasin Gishu hayaridhiki na mvua peke yake. Yanataka mbolea ya DAP siku ya kupandwa, na mbolea hiyo huja kwa meli, nayo ikichelewa wiki mbili, mvua haiisubiri.

Msiba huo ulinifika mwaka uliotangulia safari ninayoisimulia hapa. Muuzaji niliyekwisha kumlipa alinijibu kila nilipomuuliza kwamba mzigo uko njiani, hata neno hilo likanikaa kooni kama mwiba wa changu, kwa maana nilikuwa nimeliandika mwenyewe katika vitabu vya kazi kwa miaka mingi, "uko njiani", "uko njiani", pasipo kupata kujua ni njia gani na mzigo hufanya nini humo. Basi ulipowadia mwezi wa Machi, nikasikia kwamba kuna kijana dereva wa trela atakayepakia mbolea ya kikundi chetu cha wakulima, nikaazimia kuifuata shehena ile tangu gatini hadi shambani, daftari mkononi, niandike saa ambazo magurudumu yamezunguka na saa ambazo yamesimama.

Kuteremka kwangu hakukuwa na makubwa: basi la usiku hadi Nairobi, kisha treni ya abiria ya reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo hukata kilomita 472 za nyika kwa muda ambao enzi zetu ulitosha kufika Voi tu. Njiani tulipishana na treni ya mizigo iliyobeba makontena, kontena baada ya kontena, nikaanza kuyahesabu hadi hesabu ikanipotea, na moyo wangu, sina haja ya kuficha, ukafurahi.

Bandari ya Kilindini niliyoikuta siyo ile ya marehemu baba yangu. Yeye alikuwa kuli, naye alirudi nyumbani jioni mabega yamechubuka kwa magunia, nguo zikinuka kahawa siku moja na chokaa siku ya pili. Na meli moja iliweza kulala gatini siku nyingi ikipakuliwa kwa wavu na winchi, mzigo mmoja baada ya mwingine. Sasa kontena huinuliwa kwa kreni kama mtu ainuavyo kikombe. Gati namba 19 liliongezwa mwaka 2013, kituo kipya cha makontena kule Kipevu kikafunguliwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Wajapani, awamu yake ya pili ikafuata mwaka 2022, na bandari iliyokuwa imevuka kontena milioni moja kwa mwaka mnamo 2014, yakihesabiwa kwa kipimo cha kontena la futi 20, ilivuka milioni mbili mwaka 2024. Mbolea yetu haikuwa ndani ya kontena. Ililetwa ikiwa imemwagwa katika tumbo la meli kama mchanga, ikachotwa kwa kijiko cha chuma kikubwa kuliko chumba changu cha kulala, ikatiwa mifukoni papo hapo. Niliitazama kazi ile kwa taadhima, kwa kuwa kila mfuko uliokaa sawasawa pale ulikuwa mgongo wa mtu mmoja uliosalimika.

Lakini meli ilipokwisha kufanya haraka yake, na kreni haraka yake, sisi tulisimama. Mzigo wetu ulikuwa umehamishiwa ghala moja la mtu binafsi, na pale karatasi moja ilikosa muhuri, mwenye muhuri alikuwa ametoka, na aliporudi magari mengine yalikuwa yametangulia. Tulifika langoni Jumatatu saa mbili asubuhi, tukapakia Jumanne magharibi: mifuko 560 ya kilo 50, yaani tani 28. Dereva, kijana wa Kapsabet mwenye adabu, hakulalamika. Alitandika turubai kivulini, akanikaribisha chai ya chupa.

"Mzee," aliniambia, "mimi nalipwa kwa tripu. Nikimaliza tripu nne kwa mwezi, watoto wanakaa shule. Zikiwa mbili, naanza kukopa."

"Na hii itakuwa ya ngapi mwanangu?"

"Ya kwanza, na leo ni tarehe kumi na mbili."

Tulitoka usiku, tukapita Changamwe na Miritini, na hapo yafaa niseme jambo ambalo mtu wa bara aghalabu halioni. Kuanzia mwaka 2018, serikali ilipoagiza makontena mengi yaende moja kwa moja kwa treni hadi Nairobi na yakalipiwe ushuru huko, mitaa hii ilizizima: mafundi wa matairi, mama ntilie, makarani, vijana wa maghala, wote walioishi kwa trela walikaa vibarazani, na mwaka 2019 watu wa Mombasa wakaandamana kila Jumatatu. Mimi naipenda reli, nami nilipanda bara juu ya mabehewa yake. Lakini reli inayopita juu ya kichwa cha mji wa bandari bila kuuachia hata makombo inaondoka na deni. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa, na katika hotuba iyo hiyo akatangaza kwamba mfuko wa mbolea uliouzwa shilingi 6,500 utauzwa shilingi 3,500. Sisi wa Eldoret tulisikia tangazo la mbolea, jamaa zangu wa Kibokoni wakasikia la bandari. Hakuna upande uliotambua kwamba hayo yalikuwa mambo mawili ya gari moja.

Mariakani tukapanda mizani, kwa sababu sheria ya Afrika Mashariki hairuhusu gari lipitalo tani 56 pamoja na mzigo wake, na sheria hiyo naiunga mkono, maana barabara iliyopondwa na wachache hulipiwa na wote. Voi, Mtito Andei, Emali, zote zilipita kwa usingizi na vumbi. Tulipofika Mlolongo, mji uliopata jina lake kwa foleni za malori yaliyokuwa yakingojea kupimwa, nikatia alama daftarini. Na mbele ya hapo, katika mizani nyingine ambayo sitaitaja, tulilala njiani saa saba kwa sababu mtambo uliharibika.

Malori hayapiti mjini Nairobi yapendavyo. Hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa Mai Mahiu, barabara iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vikuu vya pili, waliojenga pia kijikanisa kilicho pembeni yake. Chini ya ukingo huo, upande wa Naivasha, ndipo ilipokomea reli mpya mwaka 2019, na hapo ndipo nilipomwomba dereva asimame, nikatazama kwa muda mrefu. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa mita moja kamili. Behewa la hii halikanyagi ile. Basi kontena la Kampala lililopanda kutoka pwani kwa fahari ya kisasa lazima lishushwe Naivasha, lipewe lori au lipandishwe behewa la zamani, na kila kushushwa kuna kreni, kuna karani, kuna muhuri, na kuna mtu aliyetoka. Kipande cha reli kilichojengwa kuunganisha njia hizo mbili huko Longonot nakihesabu kuwa miongoni mwa kazi zenye maana kubwa zilizofanywa katika ukanda huu, ingawa ni kifupi na hakuna aliyekitungia wimbo.

Na sisi wa Eldoret tunalo la zaidi la kuliwazia. Ramani ya reli mpya kutoka Naivasha imechorwa ielekee Kisumu, kisha Malaba. Uwanda wetu wa ngano na mahindi imeuacha kaskazini. Maana yake ni kwamba reli yetu ni ile ile ya mita moja, iliyofika Eldoret mwaka 1924 na kuendelea hadi Kampala mwaka 1931. Nayo ikiachwa iote majani, kama nilivyoiona ikiota majani kwa macho yangu, hatutakuwa na nyingine. Sioni aibu kuililia reli kuukuu. Mtu mwenye jahazi moja huliziba matundu.

Salgaa tulikula wali na maharagwe katikati ya trela mia, kisha tukaanza kupanda Sachangwan kwa gea ya chini, polepole kama mtu anayefuata jeneza, na dereva akapunguza redio bila kuambiwa, kwa kuwa hapo ndipo lori la mafuta lilipopinduka tarehe 31 Januari 2009 na moto ukawateketeza watu zaidi ya 100 waliokwenda kuchota. Tangu bomba la mafuta lilipofikishwa Eldoret mwaka 1994, petroli nyingi ya Uganda na nchi za mbele hupita ardhini kimya kimya hadi matangi yetu, na malori huipokea hapa. Kila lita ipitayo bombani ni lita isiyopanda mlima huu, nami nilipokuwa nikitazama gema lile nilitamani mbolea nayo ingekuwa majimaji.

Tukavuka ikweta, tukafika Timboroa, ambapo reli ya zamani hupita katika kimo cha zaidi ya mita 2,700, pana ukungu na baridi ambayo mifupa ya pwani haiizoei asilani. Kutoka hapo njia hushuka kwa upole kupitia Burnt Forest hadi Eldoret, mji ambao wazee wa Kikalenjin bado huuita Sisibo, kwa sababu ulianza kama shamba namba 64, wakati ambapo kila kitu kilivutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka stesheni ya Londiani, wiki nzima matopeni; mji huo ukapewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Tuliingia Ijumaa jioni. Ghala tulilopelekwa lilikuwa limefungwa, na mwenye ufunguo akaja Jumamosi; mfuko wa mwisho ukateremka adhuhuri.

Usiku ule nilijumlisha daftari. Tangu lango la Mombasa hadi mfuko wa mwisho zilikuwa saa 124, na katika hizo magurudumu yalizunguka saa 22. Niliihesabu mara mbili, nikidhani macho yamenidanganya. Ukiondoa usingizi wa haki wa dereva, masalio yote yaliliwa na malango, mihuri, mizani na funguo. Ningepewa fedha nizitumie kwa hiari yangu, nisingenunua gari liendalo mbio zaidi. Ningeweka kreni na ghala lenye karani wa usiku katika stesheni ya zamani ya Eldoret, ili treni ipandayo na mbolea ishushe papo hapo na iteremke na ngano, mbao na mahindi. Kwani hata uwanja wetu wa ndege, uliofunguliwa mwaka 1997, hupokea ndege zilizojaa bidhaa na kuziaga nyingi zikiwa tupu. Na kinachorudi kitupu hulipiwa na kile kilichokuja kimejaa.

Jumapili nilichukua mifuko yangu kumi na miwili kwa pikapu hadi Moiben. Mvua ilianza Jumanne usiku, na Jumatano tulikuwa tumemaliza ekari nne. Dereva wangu alibaki mjini akizunguka kutafuta mzigo wa kurudi nao. Siku ya nne akanipigia simu.

"Mzee, nimepata mbao za Mombasa. Lakini ni nusu trela."

Nikamuuliza kama angengojea nusu ya pili.

"Sitangoja," alisema. "Tarehe zimekwenda." Nikasikia injini ikiwaka nyuma ya sauti yake.