Yule Dubu Mliyempa Laiki Zote Zile Hakuwa Wetu

Wadau, sitaji jina. Mkianza kukisia kwenye komenti ni nyie na bando lenu, mimi sijibu hata mkipatia. Niseme tu ni dada mmoja staa, mnamfuata, na ile video ya dubu mweupe kasimama karibu kabisa na boti, huku sauti ya dada inatetemeka "jamani anatuangalia, jamani", mliisambaza wenyewe mpaka kwenye magrupu ya familia. Video ile niliitengeneza mimi. Na dubu yule hatujawahi kumwona kwa macho.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mpiga video. Harusi, mahafali, matangazo ya saluni. Juni 2025 napigiwa simu, kuna wadhamini wanampeleka dada Svalbard kwa meli, anahitaji mtu wa kamera. Nikasema ndiyo, halafu ndio nikaenda kutafuta Svalbard ni wapi. Kumbe ni visiwa vya Norwei huko juu kabisa kwenye ramani, unabaki wewe na Ncha ya Kaskazini. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini, na ni mji mdogo kweli.

Hapa kuna kitu niwape bure. Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu wa taifa lolote. Raha, eh? Ila ndege unapandia Norwei bara, na ukishapaa kwenda kule umetoka Schengen, kwa hiyo ukirudi unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja imekufa hapo. Meneja hakulisoma hilo, na mpambaji wa dada akaishia Oslo wiki nzima kwa binamu yake, analia na mabegi mawili ya vipodozi. Dada akajipaka mwenyewe siku zote zile. Na mimi nasema, alipendeza zaidi.

Meli ilikuwa ndogo, abiria kama hamsini, wengi wastaafu wa Kizungu wenye lenzi ndefu kama mtutu wa bunduki. Hakuna klabu, hakuna DJ. Kuna mihadhara! Unakaa unafundishwa tofauti ya ndege huyu na yule. Kila mnaposhuka nchi kavu kwa boti za mpira mnasafisha buti kwanza, msije mkapeleka mbegu za kigeni. Muongozaji wetu, binti wa Kinorwei wa umri wangu, anashuka wa kwanza na bunduki begani, anaangalia huku na huku kama kuna dubu, ndipo na nyie mnashuka. Dada aliomba kupiga picha na ile bunduki. Akajibiwa hapana, kwa tabasamu.

Na jua halizami. Saa nane usiku unafungua pazia, nje ni kama saa kumi jioni ya Kariakoo, tofauti ni baridi tu. Siku ya pili sikujua tena nimelala au nimesinzia.

Siku ya tatu tukaona walrasi, wale wanyama kama sili ila wakubwa mno, wana meno mawili marefu kama pembe za tembo. Wamelala ufukweni wamelaliana, wanajikuna, wanakoroma. Harufu yao sasa! Chukua gunia la dagaa lililonyeshewa mvua, liache juani wiki. Muongozaji akatuambia huko nyuma waliwindwa karibu kuisha kabisa hapo Svalbard, mpaka mwaka 1952 walipolindwa kisheria. Tulisimama mstari mmoja, hakuna kuongea. Dada alishika mkono wangu akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hawa wananikumbusha wajomba zangu baada ya pilau." Nilicheka mpaka nikaharibu picha.

Halafu Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti. Pale wanasayansi wana vifaa vinavyosikiliza mawimbi dhaifu mno, kwa hiyo wai-fai na bluetooth marufuku, simu unaiweka kwenye hali ya ndege kabla hata hujakaribia. Dada akakaa masaa bila simu. Mwanzoni vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe. Baadaye tukakaa karibu na ule mnara ambao mwaka 1926 Amundsen na wenzake walifungia chombo chao cha hewa kabla ya kuruka juu ya Ncha ya Kaskazini, akaanza kuniambia mambo. Kwamba wadhamini wamelipa nusu tu. Nusu nyingine inatoka akiposti dubu, "wa karibu", neno hilo limeandikwa kwenye mkataba. Kwamba ndani ya ile nusu kuna hela yangu, kuna ya mpambaji, kuna nyumba ya mama yake ambayo haijaezekwa. Hapo ndipo nilipomwelewa, na naomba na nyie mkumbuke hilo kabla hamjamtukana.

Dubu tulimpata siku ya tano.

Ilikuwa saa tisa usiku, spika ya chumbani ikaita taratibu. Tukapanda juu na makoti juu ya nguo za kulalia. Meli imezima mwendo, mbele yetu ni barafu ya baharini, vipande kwa vipande mpaka mwisho wa macho. Watu hamsini na hakuna anayekohoa. Muongozaji akanipa darubini, akanielekeza, nikatafuta, nikatafuta. Ndipo nikaona kitu rangi ya siagi kikitembea juu ya kitu cheupe. Kinasimama. Kinainua pua. Kinaendelea.

Umbali ulikuwa zaidi ya mita 500, yaani karibu viwanja vitano vya mpira. Si uoga wa nahodha, ni sheria. Kuanzia 2025 Svalbard huruhusiwi kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni ni 500. Ukigundua uko karibu zaidi, wewe ndio unaondoka. Huyu mnyama anaishi kwa kuvizia sili kwenye barafu, na hiyo barafu inazidi kupungua. Ukimshtua akakimbia, anachoma mafuta ya mwili ambayo hujui kayatafuta siku ngapi.

Dada akaenda kwa muongozaji. "Tusogee kidogo tu. Kidogo." Hapana. Droni? Kwenye meli ile marufuku. Akanigeukia, macho yana machozi, sijui ya baridi au ya ile nusu. Nikarekodi nilichoweza. Sekunde 11. Nukta moja ya njano inatembea.

Tuliporudi Longyearbyen, hotelini, dada akanitumia klipu ya dubu wa karibu. Kaitoa wapi sijauliza. "Weka sauti yangu juu yake. Fananisha rangi." Ningekataa? Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi sita na mwenye nyumba kashaanza kupita asubuhi-asubuhi. Nilikaa masaa matatu nafananisha rangi ya bahari. Kazi safi, hata sasa nikiitazama naona kazi safi.

Mkajaa. Moyo, moto, "dada umethubutu". Hela ikaingia ndani ya siku nne.

Kati ya komenti zote kulikuwa na moja, kijana kaandika: "Hapo ni kama mita 20. Sheria ya kule ni 500 mwezi huu. Mliruhusiwaje?" Swali la adabu kabisa. Nywila ya akaunti ninayo mimi. Nikaifuta. Dakika kumi mbele kauliza tena, nikamfungia.

Wiki mbili baadaye yule muongozaji akaniandikia. Hakuwa mkali. Alisema video imefika mpaka ofisini kwake, jina la meli linaonekana kwenye koti la dada, na sasa anatakiwa aeleze ilikuwaje akawapeleka abiria karibu na dubu namna ile. Kule ni kosa la kupigwa faini, na kwa muongozaji ni kazi yenyewe kuwa mashakani. Mwisho akaandika: "Wewe ulikuwepo. Unakumbuka ilikuwa mbali kiasi gani."

Nilikumbuka. Nilikaa na ule ujumbe siku nzima, sikuufungua tena ili nisione maneno.

Usiku nikamtumia faili halisi, sekunde 11, tarehe na saa zikiwemo, pamoja na maelezo kwamba ile nyingine nimeiunganisha mimi. Asubuhi nikampigia dada kumwambia. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Sawa mdogo wangu," akakata. Ile video ameifuta kimyakimya, mnaweza kwenda kuangalia. Hajanipigia tena. Muongozaji yuko kazini, alinitumia picha ya ndege.

Yule kijana nimemfungulia. Kama unasoma hapa, ulikuwa sahihi, na samahani.

Juzi nimekwenda kwa mama, nikamwonyesha zile sekunde 11 kwenye simu. Akavaa miwani, akasogeza simu mpaka karibu iguse pua.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo, mama. Hiyo nukta."

Akaangalia tena. Akarudia mara ya tatu.

"Anatembea," akasema. "Anakwenda wapi peke yake?"