Kijana wetu na baluni za gesi



Wapenzi wasomaji, haya tunayoyaandika tumekaa nayo muda mrefu. Mama wa kijana hakutaka yasemwe, nasi tulimwelewa, kwani sitara ni jambo kubwa katika dini yetu na hakuna mzazi apendaye siri ya nyumba yake itoke nje. Mwaka huu ni yeye mwenyewe aliyetuambia: andikeni, wazazi wenzangu wajue, lakini jina la mwanangu msilitaje. Basi hatulitaji.

Sisi ni mke na mume, wakaazi wa Buyenzi, Bujumbura. Mdogo wetu wa kike anaishi Uingereza tangu alipoondoka hapa wakati wa vita, na watoto wake wote wamezaliwa huko. Mwaka 2022 mwanawe wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16, alimaliza mitihani yake mwezi wa Juni. Mama yake akamleta kwetu akae mpaka mwisho wa Agosti ili awajue ndugu zake, Kiswahili chake kinyooke, na (tuseme ukweli) atengane kidogo na marafiki zake. Alifika siku chache kabla ya Idd ya kuchinja.

Wiki ya kwanza tulimwona mvivu tu. Akitumwa dukani anachelewa, akiambiwa apande ngazi anashika ukuta. Alitembea kama mtu anayekanyaga godoro. Kandambili zilikuwa zinamvuka njiani bila yeye kujua, anafika nyumbani mguu mmoja mtupu, kisha anauliza: "Mama mkubwa, kandambili yangu iko wapi?" Watoto wa nyumbani walicheka sana. Na sisi tulicheka, Allaah atusamehe.

Kilichotushtua kilitokea bombani, wakati wa udhu wa Magharibi. Mmoja wetu alikuwa karibu naye. Alinawa viganja vizuri, akasukutua, akapandisha maji puani. Alipochota maji ya uso na kufumba macho, akayumba na kudaka ukuta. Akarudia mara ya pili, akayumba tena. Mara ya tatu akawa ameshaegemea ukuta kabla hajafumba macho, na hapo tukajua kwamba jambo hili si la leo, mtoto ameshalizoea. Tulipokuwa katika swala tukamsikia akiinuka kutoka sijda kwa kusukuma sakafu kwa mikono yote miwili, kama mzee wa miaka themanini.

Nyumbani kila mtu akawa na lake. Wapo waliosema ni jicho, kwa kuwa kijana ametoka Ulaya na amevaa vizuri siku ya Idd. Wengine wakasema ni baridi ya huko imemwingia mifupani. Tukamwita ustadhi amsomee ruqya, na hilo hatulijutii hata kidogo, Qur'ani ni shifa. Tunachojutia ni zile siku kumi na mbili tulizokaa tukisubiri, kana kwamba kisomo na hospitali ni wake wenza wasioweza kukaa nyumba moja. Na aliyetutoa katika usingizi huo ni ustadhi mwenyewe. Alimshika kijana nyayo, akamfinya, kijana asishtuke. Akasema: "Mpelekeni kwa daktari, na msingoje kesho."

Daktari alikuwa kijana, umri wa mtoto wetu mkubwa. Alichukua chuma kidogo kinachotetemeka akakiweka juu ya kifundo cha mguu, akauliza kama anasikia mtetemo. Hasikii. Akapandisha, hasikii, mpaka karibu na goti. Akamwambia afumbe macho, akawa anakishika kidole gumba cha mguu na kukisogeza juu au chini, naye aseme kimeelekea wapi. Alikuwa anabahatisha. Kisha akamwambia asimame, miguu pamoja, macho afumbe, na kama muuguzi asingekuwa nyuma yake angeanguka chini. Ndipo daktari akatuomba tutoke nje. Tulikasirika. Tumemleta mtoto wetu, kwa nini tutolewe? Lakini tuliporudi kijana alikuwa analia, na daktari akamwambia awaeleze wakubwa zake mwenyewe.

Akaeleza. Kule kwao vijana huvuta gesi kwa baluni. Ni vichupa vidogo vya chuma, kila kimoja gramu 8, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kuumua krimu ya keki. Gesi inajazwa kwenye baluni, unavuta, kichwa kinakuwa chepesi, sauti zinakuwa mbali, unacheka, na baada ya dakika moja au mbili yote yamekwisha. Kwa kuwa inakwisha upesi, unavuta nyingine. Baadaye wakaacha vichupa wakahamia mitungi mikubwa ya mamia ya gramu, ambayo mmoja unajaza baluni nyingi sana. Baada ya mitihani walikuwa wanavuta karibu kila siku.

Tulimuuliza swali ambalo kila mzazi Muislamu angeuliza. Hukujua kuwa ni haramu? Jibu lake halijatutoka: "Si pombe, baba mkubwa. Haiachi harufu mdomoni. Na madrasa hawajawahi kuitaja." Tukanyamaza. Ni kweli kwamba tumewafundisha watoto kuhusu chupa na bangi, tukawataja nguruwe na kamari, na hatukuwahi kukaa nao tukawaeleza kwamba Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) hakuharamisha jina la kinywaji, ameharamisha ulevi wenyewe kwa sura yoyote utakayokuja nayo, uwe wa kunywa, wa kula au wa kuvuta.

Gesi yenyewe inaitwa naitrasi oksaidi, au gesi ya kucheka. Si kitu kipya. Humphry Davy aliijaribu juu ya nafsi yake mjini Bristol mwaka 1799, na madaktari wa meno wameitumia tangu karne ya 19 kupunguza maumivu. Mdogo wetu tulipompigia simu alilia zaidi kwa jambo hili: gesi hiyo hiyo aliivuta yeye hospitalini katika uchungu wa kumzaa mtoto huyu huyu. Lakini hospitali huichanganya nusu kwa nusu na oksijeni, na mkunga yupo pembeni. Mtungi wa mtaani hauna oksijeni ndani yake. Anayevuta ndani ya mfuko au mahali pasipo hewa anaweza kufa palepale kwa kukosa pumzi, na anayeweka mdomo kwenye mtungi moja kwa moja huunguzwa midomo na koo kwa ubaridi wake.

Na huyu wetu hakuzimia hata siku moja. Madhara yake yalikuja kimya kimya. Daktari alitueleza kwamba gesi hii huiharibu vitamini B12 ndani ya mwili. Vitamini hiyo tunaipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na mwili unaitumia kutunza lile ganda linalofunika mishipa ya fahamu, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Ganda likichakaa, habari za miguu hazifiki kichwani sawasawa. Ndiyo maana akifumba macho anayumba, kwani macho ndiyo yaliyokuwa yanamwambia miguu yake iko wapi. Akatuonya pia kwamba kipimo cha damu kinaweza kuonyesha B12 ipo ya kutosha, ilhali iliyopo haifanyi kazi. Kwa hiyo mzazi asiridhike na karatasi ya maabara ikiwa mtoto hajasema anavuta nini. Hapo tukafahamu kwa nini tulitolewa nje.

Alipigwa sindano za B12 siku baada ya siku, na akaambiwa kwamba sindano haitafaa kitu akirudia baluni. Mwezi wa Agosti akarudi kwao akaendelea na matibabu huko.

Katika siku zile za kwenda na kurudi hospitalini, tulikuwa tunapita njia ambayo wakati wote wapo watoto wa mitaani na chupa zao za gundi puani. Miaka yote tumepita hapo tukizitazama kama tunavyoyatazama mawe. Safari moja kijana wetu alisimama, akawatazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Hawa ni kama sisi, ila sisi tulikuwa na pesa." Gundi ni sumu ya aina nyingine, inaharibu ubongo na inaweza kuusimamisha moyo ghafla, lakini hatukuwa na neno la kumjibu.

Uholanzi waliipiga marufuku gesi hiyo kuanzia Januari 2023, na Uingereza tarehe 8 Novemba 2023. Huko Uingereza anayekutwa nayo kwa ajili ya kuvuta anaweza kufungwa hadi miaka 2, na muuzaji hadi 14. Mdogo wetu anasema baluni barabarani zimepungua, hazijaisha.

Kijana anatembea sasa, alhamdulillah. Anasoma chuo na kuendesha baiskeli. Vidole vya mguu wa kushoto bado vina ganzi, na madaktari wake hawajamwahidi kuwa itaondoka. Idd iliyopita alitupigia simu ya picha akiwa chooni kwao, mbele ya sinki, akatuambia tumtazame. Akachota maji, akafumba macho, akanawa uso mara tatu, mkono haukugusa ukuta. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika taulo.