Nyonga Zangu Nazo Zina Haki

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kina mama ambao nyonga zinawauma tangu walipobeba mimba, na kila wakilalamika huambiwa wazoee. Mimi niliambiwa hivyo kwa muda mrefu. Leo, Alhamdulillah, napanda milima ya Usambara na mwanangu mgongoni, na nataka kueleza nilivyofika hapa, maana huenda yupo dada anayepita nilipopita mimi.

Nyumbani kwetu ni Tanga mjini, lakini mume wangu ni Msambaa na kwao ni Lushoto. Tangu tuoane, shule zikifungwa tunapanda kwa wakwe, na tukifika huko tunatembea. Twaenda Irente, kwenye jabali ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mazinde inaonekana chini kabisa. Siku nyingine tunaingia msitu wa Magamba kuwatazama mbega. Binti yetu mkubwa amekulia kwenye njia hizo, na nilitamani mdogo wake naye akulie humo humo.

Maumivu yalinianza nikiwa na mimba ya huyo wa pili, mwezi wa saba. Yalishika mfupa wa mbele, chini ya kitovu, na nyuma pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Kujigeuza kitandani ilikuwa kazi. Kuvaa nguo ya ndani ilinibidi niketi, kwa kuwa kusimama kwa mguu mmoja kulikuwa kama kuchomwa kisu. Wanawake wengi hupata maumivu haya wakati wa ujauzito, na wengi wao hupata nafuu baada ya kujifungua. Kwangu yalibaki. Mtoto akaanza kukaa, akaanza kutambaa, na mimi bado nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Nikimfunga mtoto kwa khanga, hatua chache tu mguu wa kushoto unakuwa mzito. Safari moja ya Irente nilikaa kando ya njia, sikuweza kuendelea. Mume wangu akampakata mtoto, akamshika binti mkono, wakaenda. Nikarudi peke yangu polepole. Jioni mama mkwe akaniambia, “Mwanangu, sisi tulibeba kuni kichwani na mtoto mgongoni. Khanga tu inakushinda?” Hakusema kwa ubaya. Aliyasema aliyoyaishi. Lakini maneno yale yalinikaa, na kwa kipindi kirefu wenzangu walipotoka kutembea mimi nilibaki jikoni nikisingizia kazi.

Aliyenifungua ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Alinipima, akabonyeza hapa na pale, akaniambia maneno ambayo sikuwahi kuambiwa: maumivu haya yana jina, yana sababu, na yanatibika. Akanipa mazoezi. Nilale chali, nikunje magoti, niinue kiuno taratibu na kukishusha. Nikaze misuli ya tumbo la chini huku napumua. Nipunguze urefu wa hatua. Nisibebe mtoto upande mmoja wa nyonga. Tena akasema nikipata nguvu nitafute kibebeo kinachogawa uzito sawa pande zote mbili, ila nikijaribu kwanza, maana mkanda wa kiunoni huwasaidia wengine na wengine huwazidishia maumivu.

Nilifanya mazoezi yale kila usiku watoto wakishalala. Nafuu ilikuja kidogo kidogo, na ilipokuja ndipo tukaanza kutafuta kibebeo.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba unaanza kumpima mbebaji, halafu mtoto. Mume wangu alichukua futi ya fundi cherehani, akaniinamisha shingo, akapapasa kile kifupa kinachojitokeza chini ya kisogo, akapima kushuka hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Huo ndio urefu wa mgongo, na ndio unaoamua kama mkanda wa kiuno utakaa mahali pake. Ukikaa juu, unabana tumbo na mzigo wote unaning’inia mabegani. Unatakiwa uikumbatie mifupa ya nyonga ili uzito ushukie miguuni. Vibebeo vizuri vya fremu vina sehemu ya mgongo inayopandishwa na kushushwa. Hilo lilitufaa sana, kwa sababu mume wangu ni mrefu na tulitaka tupokezane.

Chetu tulikipata kwenye mitumba. Tulikikagua kabla ya kulipa: fremu isiwe na ufa, nyuzi za mikanda zisiwe zimelegea, kila bizimu ifunge kwa mlio na isifunguke ukiivuta. Tulipofika nyumbani tukakipakia mfuko wa sembe wa kilo 10, nikapanda na kushuka nacho ngazi. Nilijifunza mpangilio wa kufunga: legeza mikanda yote, vaa, funga kiuno kwanza, kisha mabega, kisha vile vikanda vidogo vya juu ya mabega vinavyouvuta mzigo usogee mgongoni, mwisho kifuani. Siku niliyofunga kwa mpangilio huo niliusikia uzito ukihama kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga, na nyonga hazikulia. Nilitokwa na machozi nikiwa na mfuko wa unga mgongoni.

Kwa upande wa mtoto, kibebeo cha fremu si cha mtoto mchanga. Asubiri hadi aweze kukaa mwenyewe na shingo imekaza, kwa kawaida kuanzia miezi 6 na kuendelea. Kiti kiwe kipana, kishike mapaja yote, magoti yawe sawa na makalio au juu kidogo. Miguu iwe na vikuku vya kukanyagia, la sivyo inaning’inia, inakufa ganzi na mtoto analia bila nyie kujua sababu. Kidevu kisilale kifuani hata akisinzia. Halafu piga hesabu ya uzito: kibebeo chenyewe hufika kilo 3, mtoto 10 au zaidi, bado maji, nepi na chakula. Vingi vimetengenezwa kubeba jumla ya kilo 22 hivi, lakini mgongo wako ndio wenye kauli ya mwisho.

Na kule juu kuna baridi. Wewe unayepanda unatoka jasho. Mtoto aliyeketi hafanyi kazi yoyote ya kumtia joto. Tunasimama mara kwa mara, tunamgusa shingo na nyayo, tunamtoa anyooshe miguu.

Mama mkwe alipokiona alisema ni mambo ya Wazungu. Nikamsimulia habari ya Ann Moore, nesi wa Kimarekani aliyefanya kazi nchini Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwaona kina mama wa huko wamewafunga watoto mgongoni na watoto wametulia, na alipopata mtoto wake akataka ambebe hivyo hivyo. Kutokana na hamu hiyo kikazaliwa kibebeo cha Snugli, kilichopata hataza mwaka 1969. Kumbe Wazungu nao walijifunza kwetu. Nikamweleza pia kwamba madaktari waliofanya kazi Malawi wameandika kuwa tatizo la nyonga za watoto kutokaa sawasawa ni nadra huko, na wakahusisha hali hiyo na watoto kubebwa mgongoni miguu imepanuka. Kwa hiyo mbeleko haina kosa kwa mtoto, na mimi naitumia hadi leo nikiwa nyumbani au nikienda dukani. Safari ya mlimani ndiyo iliyohitaji kitu kingine, kwa ajili ya nyonga zangu.

Alinisikiliza. Kesho yake tulipojiandaa kwenda Irente, yeye mwenyewe alishika kibebeo kwa nyuma wakati naingiza mikono, akauliza, “Hapa ndipo ninapokaza?” Nikamwambia, “Hapo hapo, mama.” Akakaza. Tulipanda kwa hatua fupi, mimi na fimbo yangu, tukipokezana na mume wangu kila nilipochoka, na safari hii nilifika na wenzangu.

Sijapona kabisa. Zipo siku nyonga inanikumbusha, na siku hizo baba yao ndiye anayebeba. Dada unayesoma haya, usinunue kibebeo kabla hujamwona mtu wa tiba ya viungo, na usimwonee haya. Nanyi waume, chukueni futi muwapime wake zenu migongo, kisha nao wawapime yenu, kwa sababu mtoto ni wenu wote wawili. Mama zetu walistahimili mengi kwa kukosa la kufanya. Sisi tukilipata la kufanya, tulifanye bila aibu.