Snea ya Inchi 12

Katika seti ya dramu, snea ndiyo yenye mdomo. Dramu kubwa ya mguu huisikia tumboni, sahani hulia zikafifia, lakini snea husema neno lake mpaka nyumba ya tatu. Ya kikundi chetu ilikuwa ya chuma, kipenyo inchi 14, kina inchi sita na nusu. Kanisani Tosamaganga, chini ya dari ya juu na watu wamejaa, haikumsumbua mtu.

Shida ni majumbani. Sisi ni saba, na jioni nyingi tunaimba kwenye sala za jumuiya, arobaini za marehemu, na sherehe ndogo za kipaimara. Sebule ya huku unaijua: sakafu ya saruji, kuta za tofali, bati bila dari, makochi yamebanana. Mwezi Juni, kwa baridi ya Iringa, madirisha yote yamefungwa. Sauti haina pa kutokea. Inagonga ukuta, inarudi, inakutana na nyingine njiani.

Na katikati yupo shangazi yangu. Ndiye mwanzishaji wetu tangu sijazaliwa, na sauti yake sasa imekuwa nyembamba kama uzi. Hatutumii maikrofoni. Jioni moja aliniambia, bila hasira, "Mwanangu, mimi nitakuwa nakaa tu na kupiga makofi. Ninyi imbeni." Akicheka. Mimi sikucheka. Nyimbo zile, beti zake zote, anazijua yeye peke yake.

Nilijaribu kila kitu. Kitenge juu ya ngozi: snea ikawa boksi la karatasi. Pochi ukingoni: afadhali, ila mlio ulibaki mkali. Brashi ni nzuri sana kwa wimbo wa taratibu, lakini kwenye mdundo wa sita kwa nane zinamezwa na kayamba, na waimbaji wanakosa pa kukanyaga. Halafu kuna zile waya za chini. Gitaa la besi likigusa noti fulani, zinatetemeka zenyewe, chrrrr, hata kama sijapiga, tena hasa pale shangazi anapoanza ubeti.

Wahehe walikuwa na ligombo, kibao kirefu chenye nyuzi, chombo cha kusindikiza sauti ya mtu mmoja. Hugh Tracey alikirekodi huku mwaka 1950. Ukisikiliza rekodi hizo unaona namna nyuzi zinavyompisha mwimbaji. Hakuna aliyehitaji kukifunika kitenge.

Basi nikauza magunia mawili ya maharage nikapanda basi kwenda Kariakoo, karibu kilometa 500. Muuzaji alinisikiliza, akanishushia snea nyembamba ya inchi 13, kina inchi tatu na nusu. "Ndogo hii, haina kelele." Nikaipiga. Ilipasua duka. Wengi hudhani udogo ndio upole, sivyo. Mwili mfupi uliokazwa sana hutoa mlio wa juu, mkavu, na huo ndio unaochoma sikio kwenye chumba kidogo. Afadhali hata ile ya zamani.

Niliyoichukua ni ya mbao, inchi 12 kwa 5. Ngozi nikaweka ya tabaka mbili, yenye rangi nyeupe ya kukwaruza, ili brashi zipate pa kushika. Waya za nyuzi 20 nikazibadilisha kwa za nyuzi 12. Ngozi ya juu naikaza kiasi tu, mpaka mlio ukae chini ya sauti za wanawake, si juu yake. Vijiti navyo si vya mti mmoja tena. Ni vile vya fito nyembamba zilizofungwa pamoja, katikati ya kijiti na brashi. Kipigo kinasikika, lakini hakikimbilii mbele ya mtu.

Haina ubavu wa kanisani, nakiri. Siku ya Pasaka bado nabeba ile ya chuma, na vijana wanaipenda zaidi.

Lakini kwenye arobaini ya jirani yetu, mwezi Julai, shangazi alianzisha mwenyewe na akaenda mpaka ubeti wa tano, ambao wengine hatukuwahi kuusikia. Dada aliyekaa karibu yake aliuandika kwenye simu. Tulipotoka nje, shangazi alijifunga khanga kichwani kwa baridi, akaniangalia. "Sasa," akasema, "huyo wa kayamba naye mtamfanyaje?"