Zile Tembe Kwa Droo

Wacha niwaambie kitu sijawahi kusema hapa. Ndugu yangu mdogo alilazwa siku nne, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nimerudi nyumbani Kisumu. Nikashikwa na malaria. Nikapimwa, nikapewa AL, zile tembe za manjano. Zote 24: nne kwa mara moja, mara sita, siku tatu. Siku ya pili asubuhi homa imeisha, niko na nguvu, hata nimerekodi video. Nikajiambia, sasa namaliza za nini? Tembe 12 nikazitupa kwa droo.

Baada ya wiki chache mdogo wangu, miaka tisa, akaanza kuchemka. Nikajifanya daktari. Hakuna kupima damu, hakuna kupima uzito. Nikampa mbili asubuhi, mbili jioni, juu ni mtoto. Usiku wa pili akapata degedege. Mathe alimbeba kwa boda saa tisa usiku na mimi nikakimbia nyuma.

Mfamasia wa hospitali hakunigombeza. Alichukua karatasi akanichorea.

AL ni dawa mbili ndani ya tembe moja. Artemetha inapiga haraka, lakini haikai. Ini linaivunja, na kwa kama masaa mawili nusu imeenda. Masaa mawili mengine, nusu ya ile nusu. Anza na 100: 50, 25, 12, 6, 3. Masaa kumi tu, karibu imeisha yote. Hiyo ndiyo ilinishusha homa nikadhani nimepona.

Lumefantrini ndiyo hukaa. Mwili huchukua siku kadhaa kuitoa, na hiyo ndiyo humalizia vijidudu vilivyobaki. Lakini inaingia polepole, kwa hivyo dozi moja lazima ijengwe juu ya nyingine mpaka itoshe kwa damu. Pia inataka chakula chenye mafuta, kama maziwa au avokado, ndiyo iingie vizuri. Mimi nilikuwa nameza na chai ya rangi.

Halafu uzito. Mtu wa kilo 35 kwenda juu humeza nne. Mdogo wangu alikuwa na kilo 26, kwa hivyo alihitaji tatu kila mara. Mara sita ni 18. Droo ilikuwa na 12. Hata ningempa zote, hazingetosha.

Dozi moja, watu wawili, na hakuna aliyemaliza.

Alipona, yuko shule, ananisumbua na simu yangu kila jioni. Lakini mathe bado huuliza, "Umemaliza dawa?" hata nikimeza ya kichwa.

Leo ukifika nyumbani, fungua hiyo droo yenu. Kama kuna nusu dozi ya mtu, usimpe mwingine. Homa ikija, nendeni mkapimwe.