Mchumba Kasepa, Faili Lake Likabaki Kazini

Kuna dada mmoja wa Sinza, anafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Kila asubuhi alikuwa anafungua kurasa zile zile, moja moja, huku chai inapoa: barua pepe ya ofisi, tovuti ya TRA, viwango vya fedha vya Benki Kuu na kurasa tatu za kampuni za meli.

Mchumba wake, mtu wa IT, akamwonea huruma. Jioni moja akafungua Notepad, akaandika mistari michache, akaisevu kwa jina asubuhi.bat, kisha akaiweka kwenye ile folda ambayo Windows huendesha vitu vyake yenyewe ukishaingia. Kuanzia siku hiyo dada akiwasha kompyuta tu, kurasa zote sita hizo hapo. Ofisi nzima ilimwonea wivu.

Harusi ilipokaribia, jamaa akaongeza mstari wa saba: Google Sheets ya michango. Majina, ahadi, kilicholipwa. Nusu ya majina ni ya watu wa ofisini.

Miezi miwili kabla ya siku yenyewe, jamaa akaingia mitini. Dada akafuta picha, akablock namba, akatoka kwenye magrupu. Lakini lile faili hakuligusa. Alijiambia hayo ni mambo ya IT, akigusa kompyuta itakufa. Kila asubuhi karatasi ya michango ilifunguka, naye akaifunga fasta. Kazini hakuna aliyeuliza kuhusu hela, na yeye hakumwambia mtu kitu.

Mpaka Jumatatu moja, kikaoni. Kompyuta yake imeunganishwa kwenye projekta, ikaganda, bosi akasema izime uiwashe. Akaiwasha. Kurasa saba zikafunguka, na ukurasa wa mwisho kufunguka ndio unaokaa mbele. Ukuta mzima ukajaa majina na pesa zao. Mama wa usafi, aliyelipa 30,000 kwa mikupuo mitatu, alikuwa anapanga vikombe vya chai. Akaliona jina lake pale ukutani. Akaendelea kupanga vikombe.

Usiku ule dada akalifungua lile faili kwenye Notepad. Alitegemea kukuta madudu. Kumbe lilianza hivi:

@echo off
start "" "https://www.tra.go.tz"
start "" "https://www.bot.go.tz"

Na kuendelea hivyo hivyo. Neno start, alama za nukuu tupu ambazo ni nafasi ya jina la dirisha, halafu anwani ya ukurasa. Basi! Hakuna uchawi wowote. Miezi yote hiyo alikuwa anaogopa mistari minane ya maandishi.

Akatafuta kidogo mtandaoni, akajua kwamba ukiandika rem mbele ya mstari, unabaki pale lakini haufanyi kazi. Akaandika rem mbele ya ule wa saba. Akauangalia. Akaifuta rem, mstari ukarudi kama ulivyokuwa.

Halafu akafungua ile karatasi ya michango yenyewe, akaongeza safu ya nne: Imerudishwa. Mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia, akaanza na mama wa usafi, 30,000 kwa mkupuo mmoja. Mama alizihesabu, akamwambia, "Mwanangu, nilidhani umesahau."

Mpaka sasa karatasi inafunguka kila asubuhi, na dada haifungi tena fasta. Anaiacha mbele mpaka chai iishe. Bado majina tisa. La mwisho likijazwa, ule mstari wa saba ataufuta mwenyewe.

Haya wadau, mchango wa harusi iliyovunjika unarudishwa, au ndo imetoka hiyo? Tiririka hapo chini.