Nilikataa kumlipia mdogo wangu masomo ya macho

Wengi wenu mnanijua kwa sauti tu, kupitia habari za jioni. Leo siwaletei habari ya barabara wala bei ya unga. Nawaletea habari ya macho yangu.

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi. Alifanya kazi miaka mitano katika kituo cha afya kimoja hapa Uvira, akichoma sindano na kuzalisha kina mama. Siku moja akaja kwangu na karatasi: hospitali moja ya Bukavu ilikuwa inapokea wauguzi wajifunze kazi ya msaidizi wa muganga wa macho, mwaka mzima. Zilihitajika dola 400, bila kuhesabu chakula na nyumba ya kulala. Nilimjibu vibaya. Nikamwambia: «Unaacha uuguzi uende kuonyesha watu herufi ukutani? Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza.»

Hakubishana. Mama ndiye aliyeuza mbuzi wawili na mihogo ya msimu mzima, akaenda.

Mama alikuwa na sababu yake. Baba yetu alikuwa mvuvi kwenye Tanganyika. Mwanzoni alikuwa anagonga miimo ya milango na kuangusha masufuria yaliyo pembeni, lakini ukimpa nyavu aone tundu lililokatika, analiona. Sisi tulisema ni pombe. Baadaye majirani walisema amelogwa, mtu mmoja akamtilia maji ya majani machoni. Alipofika kwa muganga wa kweli aliambiwa ni glaukoma, na kwamba mishipa ya macho imekwisha kufa. Alikaa miaka sita gizani kabla hajatuacha.

Miezi saba baada ya mdogo wangu kuondoka, redio ilinituma Bukavu kufuata mkutano. Nikapita Kamanyola, nikapanda Ngomo na roho mkononi kama kila mtu, na mkutano ulipokwisha nikaenda kumsalimu hospitalini.

Nilimkuta na mkanda, anapima mita 6 kutoka kiti mpaka ubao wa herufi, kwa sababu mtu mwingine alikuwa amesogeza kiti. Kiti kikisogea, kipimo chote ni uongo. Mbele yake alikaa mama mzee asiyejua kusoma. Walimtumia ubao wenye alama moja tu, ile E inayogeuzwa huku na huku. «Mama, hiki ni kiti cha miguu mitatu. Miguu inaangalia wapi?» Mama akaonyesha kwa mkono: juu, kushoto, chini. Mistari midogo ikamshinda. Mdogo wangu akampa kadi yenye tundu dogo sana, aangalie kupitia pale. Akiona vizuri zaidi kwa tundu, mara nyingi miwani itamsaidia. Asipoona tofauti, tatizo huenda liko ndani. Mama yule hakuona tofauti. Alikuwa na katarakti, na hiyo inapasuliwa.

Mwalimu wao alikuwa mkali kuliko mhariri wangu, na huyo mnamjua. Kwenye fishi, OD ni jicho la kuume, OG ni la kushoto. Mwanafunzi mmoja aliyageuza siku ile, akarudishwa aandike upya mbele ya wenzake wote. Niliona ni ukali wa bure, mpaka mwalimu aliponieleza kwamba muganga anaweza kupasua jicho zima na kuacha la ugonjwa kwa sababu ya herufi moja.

Wanafunzi wanahitaji macho ya kujifunzia. Mdogo wangu akaniambia: «Yaya, lala hapa.» Akanitia matone ya ganzi, akaniambia niinue kidole gumba changu na nikiangalie bila kupepesa. Halafu akaweka kichuma kidogo juu ya jicho. Huumii, unasikia tu uzito. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake.

Nikasikia: «Mbili.» Nikafikiri ni alama nzuri. Kumbe chombo kile kinasema kinyume: jicho likiwa gumu halibonyei, na mshale unasogea kidogo tu. Akasafisha kichuma kwa alkoli, akapima tena. Mbili. Kwenye jedwali lao, mbili ni kama 29. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21.

Hakuniambia kitu. Aliniuliza tu: «Yaya, baba alianza kugonga milango akiwa na miaka mingapi?»

Muganga aliniongeza matone ya kufungua mboni, akaangalia ndani. Mshipa wa jicho la kushoto umeanza kuharibika. Kilichopotea hakirudi, akasema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, siku zote. Na akasema ugonjwa huu unapenda kufuata damu: ndugu wote wapimwe.

Nilikuwa sijahisi kitu chochote. Hata sasa, ukiniuliza, naona vizuri.

Mdogo wangu alimaliza, akarudi Uvira. Kituo chake cha afya kina ubao wa herufi. Kile chombo cha kupima presha hakipo, kwa hiyo wenye shaka anawatuma Bukavu, na wengi hawana nauli. Nimemrudishia mama pesa ya mbuzi. Ya mihogo amekataa kuipokea.

Dada zetu wawili wamepimwa, ni wazima. Kaka yetu mkubwa, anayeendesha pikipiki ya abiria kati ya hapa na Kiliba, anasema hana nafasi, na macho yake ni ya tai. Wiki iliyopita alikwangua mguu kwenye nguzo ya lango la nyumba yangu, mchana kweupe. Jumatatu mdogo wangu anapanda Bukavu kuchukua dawa zangu. Nimekwisha kulipa nafasi mbili kwenye gari.